Daraja hili au reli ile? Jinsi serikali zinavyochagua mradi wa kupewa fedha

Kila mwezi Juni mawaziri wa fedha wa Afrika Mashariki wanaposimama bungeni kusoma bajeti, wasafirishaji hutega sikio kwenye mambo mawili: bei ya mafuta na orodha ya barabara. Orodha hiyo huwa ndefu. Barabara zinazojengwa kweli ndani ya mwaka huwa chache, na zinazokamilika kwa muda uliotajwa huwa chache zaidi.

Swali ambalo mwenye lori hujiuliza akiwa amekwama ni jepesi. Kwa nini barabara ya kule ambako hata magari hayapiti imewekwa lami, na hii inayobeba mzigo wa nchi tatu imeachwa na mashimo?

Jibu la haraka ni siasa, na mara nyingi ni jibu la kweli, ila si lote. Kuna utaratibu wa hesabu ambao serikali, benki za maendeleo na wahandisi huutumia kupanga miradi kwa foleni. Mfanyabiashara anayeufahamu anaweza kujua mapema mradi upi una nguvu na upi umebebwa na maneno.

Hesabu inavyofanyika

Mradi wowote mkubwa huanza na upembuzi yakinifu. Wataalamu huhesabu magari yanayopita, hupima hali ya barabara, halafu hukadiria gharama mbili: gharama ya serikali kujenga na kutunza, na gharama ya mwenye gari kupita hapo. Hiyo ya pili ndiyo inayobeba uzito. Humo mna mafuta, matairi, springi, muda wa dereva na utingo, na mtaji uliolala ndani ya mzigo.

Wengi hawajui kwamba sehemu kubwa ya hesabu hizi ilizaliwa hapa hapa. Kati ya mwaka 1971 na 1975 maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza, ikishirikiana na Benki ya Dunia, ilifanya utafiti nchini Kenya kupima jinsi barabara za lami na za changarawe zinavyochakaa, na jinsi uchakavu huo unavyokula gari. Takwimu hizo zilisaidia kujenga programu ya kompyuta ambayo vizazi vyake, hadi ile iitwayo HDM-4, hutumika duniani kote kupima miradi ya barabara. Malori yaliyotikiswa kwenye vumbi la Kenya miaka ile yamechangia kuamua barabara za nchi nyingi za mbali.

Tuchukue mfano wa kubuni. Serikali ina miradi miwili mezani. Wa kwanza ni kuweka lami kilomita 100 kwa dola milioni 60. Magari 200 hupita kila siku, na kila moja litaokoa dola 40 kwa safari. Hiyo ni dola milioni 2.9 kwa mwaka, kwa hiyo gharama itarudi baada ya miaka 20 hivi, bila kuhesabu riba.

Mradi wa pili ni daraja la njia mbili na uwanja wa maegesho mpakani, kwa dola milioni 15. Malori 300 hupita kwa siku, na kila moja litaokoa siku nzima ya kusubiri. Tuseme siku moja ya lori kusimama ni dola 50 tu, ingawa wenye malori wengi watasema hiyo ni ndogo. Kwa mwaka zinaokolewa dola milioni 5.4 na zaidi. Gharama inarudi kabla ya miaka mitatu.

Kwa hesabu hiyo daraja linashinda mbali kabisa. Hata hivyo, waziri atakayekata utepe wa kilomita 100 atapata picha nzuri zaidi gazetini, na hapo ndipo vuta nikuvute huanzia.

Kuna jambo lingine ambalo hesabu ya kwanza haikulionyesha. Barabara ya kilomita 100 inapita kwenye vijiji. Mkulima ambaye mahindi yake yalikuwa yakiozea shambani wakati wa masika sasa atauza, na gari ambalo halikuthubutu kupita litaanza kupita. Mpima mradi mwangalifu huongeza hayo. Mpima anayetaka kumfurahisha mkubwa huyaongeza mara tatu.

Fedha ya leo na fedha ya kesho

Faida ya barabara huja kidogo kidogo kwa miaka 20, wakati gharama huja yote mwanzoni. Kwa sababu hiyo faida ya baadaye hupunguzwa thamani. Dola 1,000 zitakazopatikana baada ya miaka 10, kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 12, ni sawa na dola 322 leo. Kwa kiwango cha asilimia 6 ni dola 558.

Asilimia hizo zinaonekana kama mambo ya darasani, lakini zinaweza kuua mradi au kuufufua. Benki za maendeleo kwa miaka mingi zilitumia asilimia 10 hadi 12. Ukishusha kiwango, reli na mabwawa, ambavyo faida yake huchelewa, huanza kuonekana vizuri. Ukikipandisha, ukarabati mdogo unaozaa matunda mwaka ujao ndio unaoshinda. Anayesoma ripoti ya upembuzi yakinifu aanze na mambo mawili: kiwango cha punguzo, na idadi ya magari waliyoikadiria kwa miaka ijayo. Kama kuna ujanja, mara nyingi umejificha humo.

Ujanja huo umepimwa. Mwaka 2002 Bent Flyvbjerg na wenzake walichapisha uchunguzi wa miradi 258 ya uchukuzi katika nchi 20. Katika kila miradi 10, tisa iligharimu zaidi ya makadirio. Reli zilizidi kwa wastani wa asilimia 45 hivi, madaraja na mahandaki asilimia 34, na barabara asilimia 20. Watafiti hao walisema makosa ya kweli yangeangukia pande zote mbili, mengine juu na mengine chini. Yakiangukia upande mmoja tu, mtu ana haki ya kushuku.

Rusumo na Mombasa

Ukanda huu una mifano miwili ambayo wasafirishaji wanaijua kwa macho yao.

Rusumo, mpaka wa Tanzania na Rwanda, palikuwa na daraja la njia moja lililojengwa miaka ya 1970. Malori yalivuka kwa zamu, moja moja. Mzigo uliotoka bandari ya Dar es Salaam kwa zaidi ya kilomita elfu moja ulifika hapo ukasubiri kuvuka mto ambao mtoto angerusha jiwe likafika ng'ambo. Japani ilifadhili daraja jipya la njia mbili lenye urefu wa mita 80 hivi, pamoja na kituo cha huduma kwa pamoja mpakani. Marais John Magufuli na Paul Kagame walilizindua Aprili 2016.

Vituo vya namna hiyo, ambapo lori hukaguliwa mara moja tu upande wa nchi linakoingia, vilifuata sehemu nyingi: Mutukula mwaka 2017, Busia na Namanga mwaka 2018, Tunduma na Nakonde mwaka 2019. Ni majengo, uwanja wa kuegesha, mizani na kompyuta. Ukilinganisha na reli au barabara kuu ni miradi midogo, lakini inagusa kila lori linalopita.

Upande wa pili ni reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi. Mwaka 2013 andiko la Benki ya Dunia lililinganisha njia za kufufua reli ya Afrika Mashariki, likaona kwamba kwa mzigo uliokuwepo, kukarabati reli ya zamani kungetosha na kungekuwa nafuu zaidi. Serikali ya Kenya ilichagua reli mpya, kwa gharama inayotajwa kuwa shilingi bilioni 327, asilimia 90 ikiwa mkopo wa benki ya Exim ya China. Treni ya abiria ilianza Mei 2017 na wananchi wakaipenda. Kipande cha kwenda Naivasha kilifunguliwa Oktoba 2019 kwa takriban dola bilioni 1.5 nyingine. Hapo reli ikakoma, kwa kuwa fedha za kuendelea Kisumu na Malaba hazikupatikana wakati huo.

Reli ya mizigo inayoishia Naivasha wakati mzigo wa transiti unakwenda Kampala, Kigali na Bujumbura ni mradi ambao hesabu yake ilitegemea kipande kisichokuwepo. Jambo hili huwapata wengi: faida huhesabiwa kwa mradi mzima, fedha hutafutwa kwa vipande.

Mzigo ulipokuwa haba, Agosti 2019 ilitoka amri kwamba makontena yote ya kwenda Nairobi yapande treni. Wenye malori, mawakala wa forodha, wauza vyakula na wenye gereji wa barabara ya Mombasa waliingia mitaani. Amri ilipingwa hadi mahakamani, na Septemba 2022 Rais William Ruto, mara tu baada ya kuapishwa, aliagiza shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Kwa mfanyabiashara somo lake ni gumu kidogo. Mradi usiojilipa wenyewe hatimaye humtafuta mtu wa kuulipia, na mara nyingi mtu huyo ni mteja aliyenyimwa hiari ya kuchagua. Isitoshe, waagizaji Kenya wamekuwa wakilipa ushuru wa maendeleo ya reli kwa kila mzigo wanaoingiza nchini tangu mwaka 2013, ulipoanza kwa asilimia 1.5, hata mzigo wenyewe usipopanda treni.

Wakati hesabu inaposema hapana

Ingekuwa makosa kudhani kwamba kikokotoo kina jibu la kila kitu. Mwaka 1964 wataalamu wa Benki ya Dunia walisema reli ya kuunganisha Zambia na Dar es Salaam haikuwa na maslahi ya kiuchumi. Mwaka uliofuata walowezi wa Rhodesia wakajitangazia uhuru, na shaba ya Zambia, iliyotegemea reli za kusini, ikawa mateka. Nyerere na Kaunda walikwenda Beijing. TAZARA yenye kilomita 1,860 ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba.

Kwa tani, wataalamu walikuwa na hoja. Reli ilisanifiwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka na haijawahi kufika hapo. Lakini mpaka wa Rhodesia ulipofungwa mwaka 1973, ni nani angeweza kumwambia Mzambia kwamba njia ya pili ya kutokea haina thamani? Usalama wa nchi haukuwa na safu yake kwenye jedwali.

Kilichoiangusha TAZARA baadaye zaidi ni matengenezo. Injini chache, mabehewa mabovu na reli iliyochoka viliufukuza mzigo ukaenda barabarani, barabara ya Tunduma ikaelemewa. Mwaka 2025 serikali hizo mbili zilitia saini makubaliano ya miaka 30 na kampuni ya Kichina ya CCECC, yenye thamani ya dola bilioni 1.4, ili kuifufua.

Matengenezo hayana utepe

Fedha ya umma iliyopotea zaidi barabarani Afrika haikupotea kwenye barabara ambazo hazikujengwa. Ilipotea kwenye zilizojengwa zikaachwa. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1988 ilikadiria kwamba nchi 85 zilizochunguzwa zilikuwa zimepoteza barabara zenye thamani ya dola bilioni 45, ambazo zingeokolewa kwa matengenezo yasiyozidi dola bilioni 12.

Ndiyo sababu miaka ya 1990 nchi nyingi zilianzisha mifuko ya barabara inayolishwa na tozo ya mafuta. Kenya ilipitisha sheria yake mwaka 1993, Tanzania mwaka 1998. Sheria ya Tanzania inataka angalau asilimia 90 ya fedha za Mfuko iende kwenye matengenezo, na isiyozidi asilimia 10 kwenye ujenzi mpya. Ni kifungu kizuri, kwa sababu kinaifunga mikono siasa kabla haijashika kalamu.

Kenya imekwenda njia nyingine. Julai 2024 tozo ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Mwaka 2025 shilingi saba kati ya hizo ziliwekwa dhamana ili kukopa fedha za kuwalipa wakandarasi waliokuwa wakidai karibu shilingi bilioni 175. Wakandarasi walirudi kazini, na hilo ni jema. Lakini madeni hayo yalitoka wapi? Yalitoka kwenye miradi iliyoanzishwa kwa wingi kuliko mfuko. Barabara kumi zilizofika nusu hazimfai msafirishaji kuliko tano zilizofika mwisho, na kila moja iliyosimama inaendelea kudai riba, fidia na walinzi wa mitambo.

Wasafirishaji nao wana sehemu yao. Majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, mwaka 1958 hadi 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Maana yake, ekseli ya tani 10 ikibebeshwa tani 12, uharibifu hauongezeki kwa moja ya tano bali unakuwa maradufu. Ikifika tani 13 unakaribia mara tatu. Ukomo wa tani 56 uliowekwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki una hesabu hiyo nyuma yake. Anayemhonga mtu wa mizani anakula barabara ambayo atailalamikia baada ya masika mawili.

Barabara inayomfaidi jirani

Hapa miradi ya mipakani huwa na tatizo lake peke yake. Serikali hujenga kwa fedha ya walipakodi wake, lakini barabara ya Dar es Salaam hadi Rusumo inamfaidi pia mwagizaji wa Kigali na wa Goma. Mpima mradi wa Dodoma ahesabu faida ya nani?

Nchi ikihesabu ya raia wake tu, barabara ya mpakani huonekana haina maana, na huishia changarawe kilomita chache kabla ya mpaka. Njia moja ya kuvuka hapo ni kumtoza mgeni. Mwaka 2013 Rwanda ilipandisha tozo kwa malori ya Tanzania kutoka dola 152 hadi 500, ikijibu kiwango walichokuwa wakitozwa Wanyarwanda upande wa pili. Ilichukua miezi ya malumbano kurudi dola 152. Njia nyingine ni mradi wa pamoja, kama barabara ya Arusha, Namanga hadi Athi River, iliyojengwa pande zote mbili kwa mpango mmoja uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Njia ya tatu, inayokuja kwa kasi, ni kumwachia mwekezaji ajenge na kutoza. Barabara ya Rironi hadi Mau Summit, ambayo mzigo wa Uganda na Rwanda hupitia, ilizinduliwa Novemba 2025 kwa mtindo huo baada ya mkataba wa awali na kampuni za Kifaransa kuvunjwa. Watumiaji watalipa kwa kilomita. Mtindo huu una faida moja ambayo haisemwi sana: mwekezaji anayekula tozo huhesabu magari kwa uangalifu kuliko serikali. Kasoro yake ni kwamba ataichagua barabara yenye magari, na ile ya Turkana au Kigoma vijijini itaendelea kuisubiri bajeti.

Nani huona alama

Jimbo la Virginia, Marekani, lilipitisha sheria mwaka 2014 inayoilazimu serikali ya jimbo kuipa alama kila barabara inayoombewa fedha. Huangaliwa usalama, msongamano, urahisi wa watu kufika kazini, uchumi, mazingira na matumizi ya ardhi. Kisha alama hugawanywa kwa kiasi cha fedha kinachoombwa, na orodha yote hutangazwa. Bodi inaweza kuruka mradi wenye alama nyingi, lakini kila mtu ataona kwamba imeruka.

Kwetu, upimaji upo. Tanzania ina mwongozo wa usimamizi wa uwekezaji wa umma tangu mwaka 2015. Uganda ina kamati ndani ya Wizara ya Fedha inayopitisha miradi hatua kwa hatua kabla haijaingia kwenye bajeti. Kinachokosekana mara nyingi ni orodha hiyo kutoka nje ya ofisi, ikiwa na alama zake, kabla mkandarasi hajapatikana.

Mlango wa wafanyabiashara upo mapema kuliko wengi wanavyodhani. Juni ni kuchelewa. Kenya, taarifa ya sera ya bajeti hufika bungeni kufikia Februari 15 na makadirio kufikia Aprili 30, na Katiba inataka wananchi washirikishwe. Tanzania, Bunge la bajeti huanza Aprili mjini Dodoma. Chama cha wasafirishaji kinachofika mbele ya kamati na malalamiko husikilizwa kwa heshima. Kinachofika na daftari la miezi sita, lenye namba za malori yaliyokwama kwenye daraja fulani, saa lilipofika kila moja na saa lilipovuka, kinawapa wapimaji takwimu ambazo wao wenyewe hulipia fedha nyingi kuzipata.

Daftari hilo linaweza kuanza na madereva watano na kalamu.